Je, lazima ujue C ndo uielewe Python? Nilichokiona mimi

Hili swali huwa haliishi. Kijana anaanza programingi, anauliza aanze na lugha gani, na wakubwa wanagawanyika palepale, kuna wanaosema bila C wewe sio developa ni mbandikaji tu, na kuna wanaosema achana na mambo ya miaka ya sabini, andika Python upate hela. Mimi niliandika PHP na Python miaka kadhaa kabla sijagusa C kabisa, afu C ikanikuta kwa njia ya ajabu kidogo, kupitia kuku. Msimamo wangu nauweka hapahapa usije ukausaka mpaka chini: lugha za chini, yaani zilizo karibu na mashine kama C na assembly, zinasaidia, tena sana, ila zinasaidia sehemu chache tu, na mara nyingi sio zile sehemu ambazo wanaozipigia debe huwa wanazitaja.

Kuku sasa. Kuna mama jirani yetu kule Chanika anafuga kuku wa kienyeji, alitengenezewa mashine ya kutotolesha vifaranga na fundi mmoja hivi, ndani kuna Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha mashine), kisensa cha joto, taa, feni na mota ya kugeuza trei za mayai. Shida ilikuwa moja, mayai hayageuki. Joto safi, taa inawaka na kuzima inavyotakiwa, mota ukiiunganisha moja kwa moja inazunguka, ila ukiiachia mashine yenyewe hamna kitu. Fundi hapokei simu. Mama akaniita, "Mwanangu, wewe si mtu wa kompyuta, hebu niangalizie." Mtaani kwetu mtu wa kompyuta ni mtu wa kompyuta tu, anatengeneza printa, anarudisha Facebook iliyoibiwa, na mashine ya kuku pia ni yake.

Bahati nzuri fundi alikuwa ameacha programu kwenye flashi. Nikaisoma, fupi tu, na mstari wa kugeuza mayai ulikuwa huu:

if (millis() - mwanzo >= 2 * 60 * 60 * 1000)

Yaani zikipita saa mbili, geuza, maana millis() inahesabu milisekunde tangu kifaa kiwashwe. Mbili mara sitini mara sitini mara elfu, milisekunde 7,200,000. Nikaenda kuipiga kwenye Python, ikaleta 7200000 bila wasiwasi, nikasema hapa hamna tatizo. Kumbe hapo ndo lilipo. Kwenye kile kibao kidogo cha Arduino namba ya kawaida, ile int, ina biti 16 tu, yaani nafasi 16 za sifuri au moja, mwisho wake ni 32767. Ukiilazimisha ibebe milioni saba inazunguka kama mita ya gari iliyofika mwisho na kuanza upya, na kwa hesabu hii inatua kwenye hasi 8960. Ingekuwa imeishia hapo kidogo ungeweza kuona mota inazunguka ovyo ukashtuka. Ila millis() inarudisha namba ya biti 32 isiyokuwa na hasi, na C ikikuta unalinganisha vitu viwili vya aina tofauti inavigeuza kimyakimya vifanane, kwa hiyo ile hasi 8960 ikageuka kuwa 4,294,958,336. Zigawanye upate siku, ni siku 49 na ushee. Yai la kuku linaanguliwa siku ya 21. Mama angeingiza mayai, yakaharibika, akaingiza mengine, yakaharibika, ndo mota ije kuamka mara ya kwanza.

Dawa ni herufi mbili, unaandika 2UL badala ya 2, unaiambia kompaila, programu inayotafsiri ulichoandika kwenda lugha ya mashine, ifanye hesabu yote kwenye namba pana. Na kompaila inalijua hilo kosa tangu mwanzo! Ukienda kwenye mipangilio ya Arduino ukawasha maonyo inakuandikia kabisa kwamba namba imefurika, ila maonyo yanakuja yakiwa yamezimwa. Nilikasirika aisee. Mama akafurahi, akanipa trei ya mayai, mimi nikaondoka na kitu ambacho miaka yote ya Python hakijanigonga kichwani, kwamba namba ina ukubwa, inakaa mahali, na mahali penyewe pana mwisho.

Sasa swali likaja kwa upande wa pili, kama ni hivyo Python inafanyaje? Maana Python ukiiambia ipige mbili kwa kipeo cha elfu moja inakuletea namba ndefu mpaka skrini inajaa. Nikaanza kuchimba. Ukipiga sys.getsizeof(7200000) kwenye mashine ya biti 64 unapata 28. Baiti moja ni biti 8, na hapa ni baiti ishirini na nane kwa namba ambayo C ingeiweka kwenye nne. Ndani humo kuna hesabu ya wangapi wanaitumia hiyo namba, kuna anwani ya aina yake, kuna urefu, afu ndo namba yenyewe, na ikikua inaongezewa nafasi. Yaani Python haijafuta ile shida ya kuku, imeilipia, na inailipia kila namba kila wakati. Python tunayotumia wengi wetu yenyewe imeandikwa kwa C, kwa hiyo hakuna miujiza, kuna mtu mahali fulani ameshughulika na kufurika kwa niaba yako.

Hilo peke yake lilinifungulia kitu cha kazini. Tulikuwa na kazi ya kusoma mafaili makubwa ya miamala, laptopu zetu RAM giga 4, na kila ukivuka kiasi fulani mashine inaganda. Zamani ningesema Python nzito, basi. Sasa nikakaa nikahesabu: listi ya Python haibebi namba, inabeba anwani za namba, baiti 8 kila anwani, na kila namba huko iliko ni baiti 28, kwa hiyo milioni moja ni kama megabaiti 36. Namba zilezile kwenye NumPy, maktaba ya Python ya kuhesabu namba nyingi, ambayo inazipanga bega kwa bega kama C inavyofanya, ni megabaiti 8. Hatukununua RAM. Na ukishajua hivyo unaelewa pia kwanini NumPy inakimbia na kwanini inakuuliza aina ya namba, int32 au int64, swali ambalo kwa mtu aliyeanzia Python linaonekana la usumbufu tu. Ila angalia, ukichagua int32 unairudisha ile shida ya biashara ya mayai mlangoni kwako, NumPy inafurika vilevile na mara nyingi haikuambii.

JavaScript nayo ina yake. Namba zake za kawaida zote ni za desimali za biti 64, hata ukiandika 5 inawekwa kwa mtindo wa desimali, na zinahesabu kwa usahihi mpaka 9,007,199,254,740,991, ukipita hapo zinaanza kuruka. Jaribu mwenyewe, andika 9007199254740993 kwenye konsoli ya brauza, itakujibu 9007199254740992. Sisi ilitukuta kwenye namba za miamala kutoka kwa mtoa huduma mmoja, namba ndefu, zimekuja kama namba na sio maandishi, na tarakimu ya mwisho kwenye skrini ya mteja haifanani na ya kwenye databesi. Watu walihisi udukuzi. Kwa mtu aliyekwishaona 32767 ikigeuka hasi, kitu cha kwanza anachouliza ni hii namba imewekwa kwenye biti ngapi. Tukaibadilisha iwe maandishi, ikaisha.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha SMS. Kuna shule tulikuwa tunaihudumia, inatuma ujumbe kwa wazazi, ada, vikao, matokeo, na ujumbe tumeupima usizidi herufi 160 ili kila mzazi ahesabiwe SMS moja. Mhasibu akapiga, "Kaka, mbona salio linakwisha haraka na wazazi ni walewale?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshaanza kuhisi anapigwa. Nikafungua ripoti, kweli, wazazi wengi wamehesabiwa 1, lakini wachache wamehesabiwa 3, ujumbe uleule, siku ileile. Nikawatenga wale wa 3 nikaanza kusoma majina, na karibu wote majina yao yana ng', mengi ya Kisukuma, kina Ng'wandu na wenzao. Mwenzangu akacheka akasema basi mtandao unawabagua Wasukuma.

Sasa SMS moja ni baiti 140, hiyo haibadiliki. Kwenye alfabeti ya kawaida ya GSM, ule mfumo wa simu za mkononi, kila herufi inakula biti 7, chukua 140 mara 8 gawanya kwa 7 unapata 160, ndo ile namba tunayoijua wote. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye hiyo alfabeti. Ritifaa iliyopinda (’), ile ambayo Word inakubadilishia bila kukuomba ruhusa, haimo. Ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mtindo wa baiti 2 kila herufi, nafasi inashuka mpaka 70, na ujumbe ukigawanywa kila kipande kinabeba 67 kwa sababu baiti 6 zinachukuliwa na maelezo ya kuunganisha vipande. Ujumbe wetu ulikuwa herufi 150 hivi. Gawanya kwa 67, vipande vitatu. Na orodha ya wazazi, kama ulivyokwishabashiri, katibu wa shule aliichapa kwenye Word.

C imeingiaje hapo? Imeingia kwa sababu kwenye C hakuna kitu kinaitwa maandishi, kuna baiti zimefuatana mpaka sifuri, na ukipima urefu wa "Ng’" yenye ritifaa iliyopinda kwa strlen, kipimo cha urefu cha C, unapata 5, wakati len ya Python inakupa 3, na zote ziko sahihi. Mtu akishapigwa na hiyo kitu mara moja anakuwa na tabia ya kutoamini macho. Nilipiga .encode("utf-8"), inayogeuza maandishi kuwa baiti, kwenye jina moja, zikatoka zile baiti tatu e2 80 99 katikati ya jina, kwenye jina la mzazi mwingine mahali palepale kuna 27 tu. Basi. Mwenzangu, ambaye kwa Python ananizidi, sisemi kwa unyenyekevu ananizidi kweli, alikuwa anatazama skrini ileile, ila machoni ritifaa zote mbili zinafanana na hakuwa na sababu ya kushuku. Tukaongeza mstari mmoja wa replace kabla ya kutuma. (UTF-8 yenyewe, kwa wanaopenda historia, ilibuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, kina walewale wa ule mfumo wa kompyuta wa Unix.)

Mpaka hapo utadhani nitasema kila mtu akasome C. Subiri.

Tulikuwa na dogo anafanya fildi ofisini, yuko mwaka wa pili, C amesoma darasani na amefaulu. Nikampa kazi ya kutengeneza ratiba ya zamu, siku kwa watu, akaandika ratiba = [[0]*7]*5, wiki tano za siku saba. Akamuweka mtu zamu Jumatatu ya wiki ya kwanza, wiki zote tano zikapata zamu Jumatatu. Akahangaika asubuhi nzima, akaja.

"Bro, hii Python ina bagi."

"Haina dogo. Print id ya kila wiki."

Akaprint hizo id, namba za utambulisho wa kila kitu kwenye memori, zote tano sawa. Akaniangalia. Nikachukua karatasi nikachora kisanduku kimoja chenye siku saba, na mishale mitano inayokielekea, nikamwambia wewe hujatengeneza wiki tano, umetengeneza wiki moja ukaiita mara tano. Palepale akasema, "Aah, hizi ni pointa." Ndo zenyewe, anwani zinazoonyesha kitu kilipo kwenye memori! Ila unaona shida, pointa alizisoma, mtihani alifaulu, hakuna aliyemwambia kwamba zile pointa zipo pia kwenye Python, zimefichwa tu zile nyota (*) ambazo C inaziandikia. Alizihesabu ni mambo ya C yabaki kwenye C. Na kinyume chake, nimemfundisha mchoro uleule wa sanduku na mishale dada mmoja anayefanya uchambuzi wa data, hajawahi kuandika C hata mstari mmoja na hana mpango, akaelewa vizuri tu, na siku hizi akikopi listi anajua kabisa anakopi nini. Kwa hiyo kilichosaidia ni ule mchoro. C ni njia mojawapo ya kulazimishwa kuwa nao kichwani, maana ukiukosea programu inakufa mikononi mwako.

Na vyuo vyetu vingi hapa ndo vinapokosea kwa maoni yangu. C inafundishwa muhula wa kwanza, mnachora pembetatu za nyota kwenye skrini, mnaandika programu kwa kalamu kwenye mtihani, mnafika pointa wiki ya mwisho mwalimu anakimbiza silabasi, basi imeisha. Umebeba uchungu wote wa C, na kile kitu chenye faida hujakigusa. CS50, kozi ya utangulizi ya kompyuta ya chuo cha Harvard, ambayo wabongo wengi wanaisoma bure kwenye intaneti, inaanza na Scratch (lugha ya kuunganisha vitalu kwa wanaoanza), inapita C wiki kadhaa, afu inaingia Python, na wakifika Python wanakurudisha kwenye maswali yaleyale uliyoyafanya kwa C, unaona programu ya kukagua tahajia uliyoikeshea na hashi tebo zako (njia ya kupanga data itafutike haraka) inakuwa mistari michache. Pale kwenye kurudia ndo kuna somo, maana unaiona kazi iliyofichwa ikiwa bado inakuuma.

Kuna na upande wa madhara, na huu huwa hausemwi. Alikuja jamaa mmoja ofisini, alikuwa anaandika programu za vifaa vidogo, C yake ni ya kutisha. Python yake sasa, kila lupu, yaani kitanzi cha kurudia kazi, ni for i in range(len(x)) kwa mtindo wa C, variabo anazifuta kwa mkono zikishatumika, hataki dikshonari kwa sababu anaona zinakula memori. Tukapata ripoti ya wateja inayochukua muda mrefu, mpaka meneja anaenda kunywa chai anarudi. Jamaa akajifungia kuandika upya lupu nzima kwa C aiite kutoka kwenye Python. Na alifanikiwa! Lupu ikawa kasi ajabu. Ripoti ikabaki vilevile, maana ile lupu kila ikizunguka inaenda kuuliza databesi mteja huyu ana deni gani, mteja mmoja swali moja, maelfu ya wateja maelfu ya maswali, na muda wote programu inasubiri majibu. Dada yule wa data akaja akaandika JOIN moja, amri ya kuunganisha majedwali ya databesi kwa swali moja, ripoti ikatoka kabla meneja hajavuta kiti. Kwenye mifumo ya ofisi, mifumo ya maduka, SACCOS, shule, ninavyoona mimi uzito mwingi uko hapo, kwenye databesi na mtandao, na hapo C haikufundishi kitu. Tena inaweza kukupotosha, inakufanya uangalie mikrosekunde wakati kuna sekunde nzima zinapotea mlangoni.

SACCOS nimeitaja, nikumbuke na hii. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 ukianza leo unaisha baada ya 2038, na ukiweka tarehe ya mwisho kwenye safu ya aina ya TIMESTAMP ya databesi ya MySQL inakataliwa, kwa sababu aina hiyo inahesabu sekunde tangu 1970 na mwisho wake ni tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi na sekunde saba. Ni biti 32 zimejaa, shida ya kuku ileile kwa kiwango kikubwa. Tumia DATETIME. Hii watu watakutana nayo mapema kuliko wanavyodhani.

Assembly nimeigusa kidogo tu, kusema kweli faida niliyoipata ni moja, kuona funksheni ikiitwa, anwani ya kurudia inawekwa kwenye rundo (stack, memori inayopangwa juu kwa juu), ikiisha inachukuliwa. Baada ya hapo lile kosa la Python la funksheni kujiita kupita mara elfu moja nikaacha kuliona kama sheria ya kibabe, ni rundo linalindwa lisijae. Zaidi ya hapo sijawahi kuihitaji kazini, na wanaosema uanzie assembly ili uielewe JavaScript mimi siwaelewi, au wanataka tu tuteseke kama walivyoteseka wao.

Kwa hiyo dogo alipoamua afanye nini likizo, hakumaliza kitabu cha C. Nilimwambia atafute Arduino Uno kama ile ya kuku, hata ya kuazima, maana ina kilobaiti 2 tu za memori ya kufanyia kazi na hapo huwezi kujifanya memori haipo, aandike kitu chochote kinachokaa kimewaka usiku kucha. Baada ya hapo atengeneze listi yake mwenyewe kwa C, ile inayokua ukiijaza, kwa malloc na realloc, amri za C za kuomba memori na kuiongeza, ajaze mpaka ivunjike, afu arudi kwenye Python aangalie append, ile ya kuongeza kitu kwenye listi, upya. Pointa, baiti, rundo, listi inayokua. Akizijua hizo nne aiache C kama hana kazi nayo, asijisikie vibaya.

Na kama ratiba yako ni ngumu, una nafasi ya kusoma kitu kimoja tu mwaka huu na kazi yako ni mifumo ya ofisi, soma SQL, lugha ya kuuliza databesi, kwanza, jifunze kusoma majibu ya EXPLAIN, amri inayoonyesha databesi itakavyotafuta data, ujue indeksi inafanya nini. Arduino utainunua siku nyingine.